Izmir: Mji wa Mataifa Mengi, na Mataifa Yenyewe Yako Wapi?

Asubuhi na mapema katika mitaa ya Izmir, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya unga uliookwa kwa mafuta. Kibandani, ndani ya sanduku la kioo, vimepangwa vitafunwa vya mviringo, vya kahawia, vinavyong'aa. Hiyo ndiyo boyoz. Muuzaji anashika moja kwa karatasi, anaiweka kando ya yai la kuchemsha lililopasuliwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili manga, kisha anasogeza chai ya rangi katika kigilasi chenye kiuno chembamba. Ukiivunja, tabaka zake zinaachana kama za chapati iliyokunjwa na mtu anayeijua kazi yake. Ndani hamna kitu kikubwa: unga, chumvi, mafuta ya alizeti na rojo ya ufuta. Utamu wote umo kwenye mkono uliokanda na joto la tanuri.

Mwenyeji atakuambia kwamba boyoz ni ya Izmir na ukiikuta kwingine imehamia tu. Ni kweli. Lakini neno lenyewe si la Kituruki. Limetokana na Kihispania, bollos, yaani mikate midogo, na waliolileta ni Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 wakapewa hifadhi na Milki ya Osmani, dola ya Waturuki ya wakati ule. Leo boyoz inaliwa kila kona ya mji wenye mamilioni ya watu, wakati Wayahudi wa Izmir wamebaki wachache sana.

Fundo ninalotaka kulifungua liko hapo. Vitabu vya wasafiri na matangazo ya utalii huisifu Izmir kuwa ni mji wa mataifa mengi, mji uliochanganya dini na lugha kuliko mwingine wowote Uturuki. Mgeni anafika, anaona mji ambao karibu kila mtu anazungumza Kituruki, bendera ni moja, misikiti imejaa kila mtaa, na anajiuliza mataifa hayo mengi yako wapi. Jibu si fupi, na bila kulijua utazunguka Izmir siku nne ukapiga picha nzuri tu.

Mji uliookolewa na bandari yake

Izmir ni mji wa tatu kwa ukubwa Uturuki, nyuma ya Istanbul na Ankara. Umekaa mwishoni mwa ghuba ndefu inayoingia bara kutoka Bahari ya Aegean, na jina lake la kale, Smirna, msomaji wa Biblia analifahamu. Kati ya makanisa saba yaliyoandikiwa barua katika Ufunuo, matatu, yaani Efeso, Smirna na Pergamo, yamo ndani ya mkoa wa leo wa Izmir. Enzi za Warumi miji hiyo mitatu ilikuwa ikigombea cheo cha kuitwa mji wa kwanza wa Asia, jimbo la Kirumi, na ugomvi wao ulikuwa wa kweli kabisa, wa mahekalu, sherehe na upendeleo wa kaisari.

Efeso na Pergamo sasa ni magofu, mazuri mno, yote mawili yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Pergamo tangu 2014, Efeso tangu 2015. Smirna bado ni mji. Sababu kubwa ni matope. Efeso ilikuwa bandari, lakini mto uliomwaga maji yake pale ulileta udongo mwaka baada ya mwaka mpaka bandari ikajaa, na leo ukisimama juu ya ukumbi mkuu wa maonyesho wa Efeso, ule ambao Matendo ya Mitume inasimulia jinsi mafundi wa fedha walivyofanya ghasia dhidi ya Paulo, bahari iko mbali, kilomita kadhaa. Barabara ya marumaru inayotoka pale kuelekea bandarini inaishia kwenye majani na matete. Mji ukikosa maji mbele yake, wafanyabiashara huondoka, na wakiondoka hao wengine hufuata.

Smirna ingeweza kupatwa na hayo hayo. Mto Gediz nao ulikuwa ukiijaza ghuba kidogo kidogo, na mwishoni mwa karne ya 19 ilibidi mkondo wake ugeuzwe ukamwage maji nje, ghuba isizibe. Kila utakachokiona Izmir leo kinatokana na bandari ile kubaki wazi: makanisa, masinagogi, majumba ya Wazungu, moto wa 1922, wakimbizi walioingia na waliotoka.

Chini ya kilima cha Kadifekale ipo Agora, uwanja wa soko na mahakama wa zama za Warumi. Tetemeko la mwaka 178 liliubomoa mji, Kaisari Marcus Aurelius akasaidia kuujenga upya. Wageni wengi huzipiga picha nguzo za juu wakaenda zao. Mimi ningekushauri utumie muda wako chini, kwenye vyumba vya matao vilivyo chini ya basilika, ambako maji ya chemchemi bado yanapita. Kwenye lipu za kuta zile watu wa kawaida waliandika na kuchora: merikebu zenye matanga, wapiganaji wa ulingoni, mafumbo ya maneno. Kigiriki cha wakati ule kilitumia herufi kama tarakimu, kwa hiyo mtu aliweza kujumlisha herufi za jina la mpenzi wake akaandika ukutani kwamba anampenda yule ambaye jumla yake ni kadhaa, na mpita njia akabaki kupiga hesabu. Kijana aliyejificha nyuma ya hesabu ili asimtaje mtu wake, nikimlinganisha na sanamu za makaisari, yeye ndiye anayenifikia.

Mataifa yalikuja kwa mkataba

Watu hudhani mchanganyiko wa Izmir ni wa tangu enzi za kale, kwamba Wagiriki wa Smirna ya Homer, mshairi wa kale, walibaki tu mpaka wakapokea wageni wengine. Sivyo. Kufikia karne ya 16 Izmir ilikuwa kimji kidogo. Kilichoifufua ni biashara ya karne ya 17. Misafara ya ngamia ilileta hariri kutoka Uajemi na pamba, zabibu na tini kutoka mabonde ya jirani, na wafanyabiashara wa Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Venice wakataka mahali pa kuipakia mbali kidogo na macho ya Istanbul. Sultani aliyapa mataifa hayo mikataba ya upendeleo: raia wao walilipa ushuru mdogo, na wakikosa walihukumiwa na konseli, yaani balozi mdogo, wao wenyewe.

Wazungu hao walikaa, wakaoa, wakazaa, wakazika wafu wao pale, na baada ya vizazi viwili vitatu hawakuwa Wazungu kamili wala Waturuki. Waliitwa Walevanti. Familia moja ingeweza kuwa na jina la Kiingereza, dini ya Kikatoliki, mama wa Kigiriki, na kuongea Kifaransa mezani. Majumba yao bado yapo katika vitongoji vya Bornova na Buca, yenye bustani za miti mikubwa, mengine sasa ni ofisi na vyuo. Reli ya kwanza katika eneo hili ilijengwa na kampuni ya Kiingereza kutoka Izmir kwenda Aydın, ikafika huko mwaka 1866, na kazi yake hasa ilikuwa kuteremsha tini na zabibu bandarini.

Wagiriki Waorthodoksi waliongezeka, wengi wakitoka visiwani kufuata kazi. Waarmenia walikuja pamoja na misafara ya hariri. Wayahudi waliotokea Hispania walishika udalali. Waislamu walikaa mitaa ya juu, kuelekea Kadifekale. Waturuki wa bara waliuona mji huu wakaupa jina la utani, gâvur Izmir, yaani Izmir ya makafiri.

Hapa sharti niseme jambo ambalo masimulizi matamu huliruka. Watu hawa waliishi pamoja kwa maana ya kukutana sokoni. Nyumbani kila jamii ilikuwa na mtaa wake, shule yake, hospitali yake, mahakama yake ya ndoa na mirathi. Mlevanti aliyekuwa chini ya bendera ya konseli alikwepa kodi ambayo Mturuki mkulima wa tini hakuweza kuikwepa. Ukarimu ulikuwepo, ujirani ulikuwepo, na lugha zilichanganyika kwa namna ambayo haijapata kurudi. Lakini mizani ilikuwa imeinama, na siku dola iliyoshikilia mizani ile ilipoanguka, kila kitu kilianguka nayo.

Lugha zilivyochanganyika, Waswahili tuna ushahidi mdomoni mwetu. Neno efendi utalisikia Izmir mara mia kwa siku: mwenye duka anasema buyurun efendim, karibu bwana. Waturuki walilichukua kwa Wagiriki, likapita Misri na Sudan pamoja na askari, likafika Afrika Mashariki, na leo kila mtu anayemwita polisi afande analitamka bila kujua lilikotoka.

Kemeraltı: mtaa uliopinda kama ufuo

Soko la Kemeraltı ndilo moyo wa mji, na ukitaka kulielewa tazama kwanza barabara yake kuu, Anafartalar. Haiendi moja kwa moja. Inapinda taratibu kama mundu. Hapo zamani palikuwa na bandari ya ndani, maji yakaingia mpaka katikati ya soko la leo; ikajaa, ikafukiwa, ikajengwa juu yake, lakini barabara iliyokuwa ikifuata ufuo haikubadilisha njia.

Ndani yake kuna msikiti wa Hisar wa mwishoni mwa karne ya 16, na hatua chache kutoka hapo jengo la mawe la ghorofa mbili lenye ua katikati, Kızlarağası Hanı. Lilijengwa mwaka 1744 liwe nyumba ya wafanyabiashara wa misafara: chini mizigo, juu vyumba vya kulala. Leo ni maduka ya vito, mazulia na ala za muziki, na karibu nalo wanapika kahawa ndani ya kikombe chenyewe, juu ya moto, kinaletwa mezani bado kinachemka na povu limesimama.

Jina la jengo lile linastahili kusimama nalo kidogo. Kızlarağası ni cheo: mkuu wa matowashi weusi wa jumba la sultani. Aliyelijenga, Hacı Beşir Ağa, alikuwa Mwafrika, mtoto aliyetolewa Uhabeshi utumwani, akahasiwa, akapanda ngazi za ikulu mpaka akawa mmoja wa watu wenye nguvu kubwa kuliko mawaziri wengi wa zama zake. Mamia ya watalii hunywa kahawa uani kwake kila siku. Jina lake liko mlangoni, asili yake haitajwi sana, na kwangu mimi hilo ni pengo linalouma, kwa sababu linaonyesha kwamba Afrika haikupita pembeni mwa mji huu. Iko katikati ya soko lake.

Endelea mpaka Havra Sokağı, maana yake mtaa wa sinagogi. Kwa macho ni soko la samaki, mboga na zeituni, na kelele zake ni za soko. Nyuma ya kuta na mageti ya chuma, masinagogi kadhaa ya kale yamebanana, mengine yamekarabatiwa, mengine yanangoja. Mtaa huu ulimtoa Sabbatai Zevi, aliyezaliwa Izmir mwaka 1626, baba yake akiwa wakala wa wafanyabiashara wa Kiingereza. Alijitangaza kuwa Masihi, na habari zake zikawatikisa Wayahudi kutoka Yemen hadi Amsterdam. Watu waliuza mali wakijiandaa kwa safari ya kurudi Yerusalemu. Mwaka 1666 alipelekwa mbele ya sultani, akasilimu. Habari ile ilienea dunia nzima upesi hivyo kwa kuwa ilitokea katika mji wa bandari, ambako kila meli iliyong'oa nanga ilibeba barua.

Unapopita kwenye maduka, mtu akiwa kazini mwambie kolay gelsin. Ni salamu ya kumtakia kazi iwe nyepesi, ndugu ya pole na kazi yetu, na uso wa mtu hubadilika akiisikia kwa mgeni.

Kutoka Kemeraltı unatokea uwanja wa Konak, penye mnara wa saa wa mwaka 1901, alama ya mji. Una urefu wa mita 25, ulijengwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Abdülhamid II, na aliyeuchora ni Raymond Péré, Mfaransa wa Izmir. Mtu huyo huyo ndiye aliyekarabati na kuchora picha za ndani ya kanisa la Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa karne ya 2 kwa ajili ya imani. Mkatoliki anachora kanisa, anachora mnara wa khalifa wa Waislamu, na vyote viwili vimesimama umbali wa kutembea kwa miguu.

Na kama miguu imechoka, kuna Asansör. Nesim Levi, Myahudi tajiri wa hapa, aliijenga mwaka 1907 kwa kuwa wazee, wagonjwa na kina mama waja wazito walikuwa wakipanda ngazi 155 kutoka mtaa wa ufukweni hadi mtaa wa juu wa mlima. Ni lifti ndani ya mnara wa matofali, bado inafanya kazi, na juu yake unaiona ghuba yote.

Wiki ile ya Septemba

Tarehe 15 Mei 1919 jeshi la Ugiriki lilishuka Izmir kwa idhini ya madola yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza. Miaka mitatu ya vita ikafuata, vijiji vya Waislamu na vya Wakristo vikichomwa. Tarehe 9 Septemba 1922 wapanda farasi wa jeshi la Mustafa Kemal, kiongozi wa Waturuki katika vita hivyo, waliingia mjini. Siku nne baadaye moto ulizuka mtaa wa Waarmenia. Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea mitaa ya Wagiriki na ufukweni. Mitaa ya Waislamu na Wayahudi ilisalimika. Maelfu kwa maelfu ya watu walijaa gatini, nyuma moto, mbele bahari, na meli za kivita za mataifa makubwa zimetia nanga zikitazama. Nani aliwasha moto ule, Waturuki, Wagiriki na Waarmenia hawajakubaliana mpaka leo, na idadi ya waliokufa nayo inabishaniwa vikali.

Kwa Mturuki wa Izmir tarehe 9 Septemba ni siku ya ukombozi. Chuo kikuu kimepewa jina la tarehe hiyo, na bendera hufunika mji mzima. Kwa Mgiriki wiki hiyo hiyo huitwa Maangamizi. Msafiri mwenye adabu anaziweka hizi mbili akilini pamoja, wala asijaribu kumwamulia mtu yeyote mezani pake.

Januari 1923, huko Lausanne, Uswisi, Ugiriki na Uturuki zilitia sahihi mkataba wa kubadilishana watu. Kipimo hakikuwa lugha, kilikuwa dini. Wakristo Waorthodoksi zaidi ya milioni 1 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wameshakimbia, na Waislamu wapatao 400,000 wakahamishiwa Uturuki. Ndipo wakaja Izmir Waislamu wa Krete ambao hawakujua Kituruki, wanazungumza Kigiriki, na huko ng'ambo wakafika Wakristo waliojua Kituruki kuliko Kigiriki. Wakimbizi wa Smirna waliweka mtaa wao Athens wakauita Smirna Mpya, na klabu ya michezo ya Panionios, iliyoanzishwa Smirna mwaka 1890, ikahama nao.

Sehemu iliyoungua ilibaki jalala la vifusi kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1936 meya Behçet Uz aliifanya bustani kubwa, Kültürpark, yenye mita za mraba zipatazo 420,000, na humo ndimo yanapofanyika maonyesho ya kimataifa ya Izmir. Familia hutembea chini ya mitende na misonobari, watoto wanaendesha baiskeli. Mojawapo ya mageti yake linaitwa Lozan, matamshi ya Kituruki ya Lausanne. Mji wa mataifa mengi ulikuwa hapo, chini ya majani yale, na ukiingia kwa geti lile unapita chini ya jina la mkataba uliowafungia wenyewe njia ya kurudi.

Waliobaki, na waliokuja

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali. Mataifa yako wapi? Yamo katika vitu ambavyo waliokuja baadaye walivirithi wakavifanya vyao.

Nyanya mtu wa Izmir huiita domat, kwa sauti ya Kigiriki, ingawa Kituruki sanifu kina domates. Mkate wa pete wenye ufuta, ambao Uturuki yote ni simit, hapa ni gevrek. Mbegu za alizeti ni çiğdem, na jioni ufukweni Kordon utakuta vijana na wazee wamekaa kwenye majani wakizitafuna, upepo wa bahari uitwao imbat ukipunguza joto. Watu wa Krete walileta upishi wa majani ya porini kwa mafuta ya zeituni, na sokoni utayaona yamefungwa mafungu kama mchicha na mnavu kwetu.

Kuna kitu kimoja ambacho Mswahili atakitambua bila kuambiwa. Ukipita mtaani ukakuta gari dogo lenye karai kubwa la mafuta, na foleni ya watu wa kila aina, simama nao. Fundi anaminya donge kwenye ngumi, linatumbukia, linavimba, linageuka rangi ya dhahabu, linatupwa kwenye shira. Ni lokma. Sisi tunaita kaimati, na majina yote mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya tonge. Mara nyingi lokma ya mtaani haiuzwi. Familia iliyofiwa imeikodi ile gari ili kila apitaye ale na amwombee marehemu. Unapokea sahani yako, unasema Mungu amrehemu, unakula. Hakuna anayekuuliza kabila wala dini.

Wapya hawajaacha kuja. Waislamu wa nchi za Balkani walikuja kwa mawimbi, Wakurdi wa mashariki walijaza vilima vya Kadifekale, na samakigamba wanaojazwa wali wa viungo, wanaouzwa Kordon usiku kwa limau, wengi huuzwa na watu wa Mardin, mji usio na bahari. Mtaa wa Basmane, kando ya stesheni ya reli, ulijaa Wasyria miaka ya vita vyao. Mwaka 2015 maduka ya nguo ya pale yalining'iniza jaketi za kujiokolea majini za rangi ya machungwa mlangoni, za watu wazima na za watoto, kwa ajili ya wale waliokuwa wakivuka usiku kwenda visiwa vya Ugiriki. Bahari ile ile, gati ile ile.

Na wapo Waafrika. Hawa sitawapitia haraka, kwa sababu mwongoza watalii atawapita.

Katika karne ya 19 watumwa kutoka Sudan, Uhabeshi, nchi za Ziwa Chad na Afrika Mashariki walipelekwa mashamba na majumba ya eneo hili. Mwaka 1857 sultani alipiga marufuku biashara ya watumwa weusi, ingawa biashara ya siri iliendelea, na baadaye serikali ilikusanya wengi wa walioachwa huru ikawaweka Izmir na vijiji vya jirani. Wajukuu wao wapo leo katika vijiji vya Torbalı, Tire na Bayındır, ni Waislamu, lugha yao Kituruki, wanalima. Waturuki waliwaita Arap, au zenci, neno ambalo lina undugu na Zenji, jina la kale la pwani yetu lililobaki ndani ya Zanzibar.

Walikuwa na sikukuu yao, Dana Bayramı, sikukuu ya ndama. Ilifanyika masika. Kina mama wakuu wa jamii, walioitwa godya, ndio waliongoza: michango inakusanywa mtaa kwa mtaa, ndama ananunuliwa, anapambwa, anatembezwa kwa ngoma na nyimbo, kisha anachinjwa na watu wanakula pamoja. Karne ya 20 ilipoanza kusonga sikukuu ikazimika, nyimbo zikasahaulika, na wazee wakanyamaza kuhusu walikotoka ili watoto wasibaguliwe.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa fundi wa mawe wa Ayvalık, kaskazini mwa Izmir, Mustafa Olpak. Alifuatilia ukoo wake nyuma hatua kwa hatua mpaka akafika kwa wahenga waliotekwa Kenya, wakauzwa Krete, kisha wakaletwa Uturuki kwa mkataba ule ule wa Lausanne, kwa kuwa walikuwa Waislamu. Aliandika historia hiyo, akaanzisha chama cha Waafrika wa Uturuki mwaka 2006, na mwaka uliofuata sikukuu ya ndama ikarudi. Alifariki 2016. Jina la Waturuki-Waafrika, Afro-Türk, sasa linatamkwa hadharani.

Ukiwa na siku chache Izmir, nenda Efeso kwa treni ya İZBAN hadi Selçuk, nenda Pergamo kwa basi, na ukiwa na nafasi fika Urla, alikozaliwa mshairi wa Kigiriki Giorgos Seferis, mshindi wa Nobeli wa 1963. Lakini siku moja panda feri kutoka Konak kwenda Karşıyaka. Ni dakika 20 hivi. Watu hununua gevrek wakawarushia shakwe vipande hewani, na shakwe wanavidaka. Karşıyaka maana yake ni ng'ambo. Na kama safari yako ni ya mwezi Mei, ulizia Dana Bayramı mwaka huo inafanyika kijiji gani. Wenyeji ukiwaambia umetoka Kenya au Tanzania, jiandae kuulizwa maswali: wapo wanaojua kwamba bibi wa bibi yao alitoka Afrika, wasijue ni wapi.